Kocha Aliyeingia Kwenye Historia kwa Faulo

Siku aliyoingia dukani kwangu pale Troyeville, Kocha aliinama mlangoni, akainama tena chini ya waya niliotundikia magauni ya wateja, kisha akanyooka taratibu, kichwa upande, akiangalia kama dari litamkubali. Mkononi alikuwa na kitu nilichodhani ni gauni la mja mzito. Alikitandaza juu ya meza yangu ya kukatia. Kumbe ni jezi. Rangi yake ilikuwa zambarau iliyofifia, kwapani imechanika, na kifuani imechapishwa picha ya paja la nguruwe.

"Fundi," alisema, "mi najua wewe ni Mwislamu. Niliuliza kule njiani. Kama hautaki kuigusa, mi siwezi kukasirika."

Nilimwuliza mtu mzima anavaaje paja la nguruwe kifuani. Alivuta kiti, magoti yakamfika kidevuni, na ndivyo nilivyoisikia Klabu kwa mara ya kwanza. Ujanani, kabla ya kufika Johannesburg, alitoka kwao Kongo akaenda kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa katika mji mdogo wa viwanda vya viatu, kaskazini ya Hispania. Kule, aliniambia, mdhamini akitoa fedha huipa timu na jina lake. Klabu ilipata kuitwa kwa jina la mwuza soseji, baadaye la mwuza vigae, baadaye la kiwanda cha maziwa, na wenyeji walishachoka kukariri. Walisema "Klabu" tu, na yeye alisema "Klabu" tu, utadhani duniani hakuna nyingine.

Nilishona kwapa, kisha nikakata kipande cha kitenge chenye jogoo nikakiziba juu ya lile paja. Alipoiona alicheka mpaka mteja niliyekuwa nikimpima akacheka naye bila kujua sababu. Alipokuwa anatoka aligeuka akaitazama mikono yangu.

"Wewe ulicheza kitu."

"Netiboli. Tanga, shuleni. Zamani hizo."

"Jumamosi saa kumi, uwanja wa chini, karibu na Bertrams. Ukuye na viatu."

Sikuwa na nia ya kwenda. Nilikuwa na watoto, mume, cherehani mbili na kiuno kinachouma. Lakini Jumamosi ile saa tisa na nusu nilijikuta nafunga kamba za viatu vya mwanangu mkubwa, na mume wangu ananiuliza nakwenda wapi, na mimi namjibu, "Kwa Kocha," kama vile sote tunamjua.

*

Timu yetu ilikuwa ya wanawake watupu. Wasusi kutoka Joubert Park, mafundi cherehani, mama mmoja mlinzi wa jengo la ofisi, wauza vitenge. Wakongo walikuwa wengi, Watanzania tulikuwa wachache, na Warundi wawili walioongea Kifaransa pale tu walipotaka kutusengenya. Wengi wetu hatukuwahi kuushika mpira wa kikapu. Kocha hakujali. Alikuwa anatoka kazini Midrand, kwenye bohari alikoendesha foklifti, anafika uwanjani akiwa bado na fulana ya kung'aa ya kazini, anapiga makofi mawili na kusema, "Bamama, leo tuko Ulaya."

Alisema hivyo hata siku za mvua ya mawe.

Aliamini kila shida tuliyokuwa nayo ilishaikuta Klabu. Hakuwahi kutusimulia historia hiyo kwa mfululizo, tangu mwanzo hadi mwisho. Aliitoa vipande vipande, kwa haja ya siku hiyo, na sisi baada ya muda tuliijua kuliko tulivyojua koo za waume zetu.

Tukilalamika kwamba uwanja wetu ni saruji iliyopasuka, alitukumbusha ukuta wa kanisa. Klabu ilianzishwa na padre aliyefundisha useremala. Padre alichukua pete za chuma za mapipa ya divai, akazipigilia kwenye ukuta wa nje wa kanisa, na vijana wa viwandani wakaanza kucheza jioni. Shida ni kwamba kila mpira ulipogonga ukuta, ndani kulisikika kishindo, na wanawake wazee waliokuwa wakisali rozari walipoteza hesabu ya shanga. Walimpelekea askofu malalamiko. Askofu akaja mwenyewe kuona. Padre akampa mpira. Askofu aliutazama, akaukunja mkono wa kanzu, akarusha. Ukaingia.

"Na hakurusha tena maisha yote," Kocha alisema. "Aliogopa kuharibu. Akasema ukuta ubaki. Sasa ninyi mufikiri, kama askofu alikosa! Klabu hakuna. Mi hakuna. Ninyi hapa muko nyumbani munapika."

Tukiangusha mpira, na hasa Mama Bijou akiuangusha, tulipata habari za gundi. Mama Bijou alikuwa msusi kutoka Bukavu, mwenye saluni Joubert Park, na mikono yake ilikuwa na mafuta ya nywele saa zote. Kocha alimwambia wachezaji wa kwanza wa Klabu walikuwa mafundi viatu waliokuja uwanjani na gundi viganjani, na ndiyo sababu timu ile ilisifika kwa kudaka. Wapinzani walilalamika kwamba mpira ukishaguswa na watu wa Klabu, wao unawanata.

"Basi mimi nitafute kazi ya viatu," Mama Bijou alimjibu.

"Hapana. Wewe nawa tu."

Na tukifungwa, ambako kulikuwa kwingi, alituletea muuza samaki. Huyu alikuwa mwanamke wa sokoni kule mjini. Ulifika mwaka ambao mdhamini aliondoka, Klabu ikashushwa kutoka ligi ya juu hadi ya chini kabisa, na wanachama wakaitwa mkutanoni kuivunja. Wanaume walisimama mmoja mmoja wakahutubia kwa huzuni. Kila mmoja aliizika Klabu kwa maneno mazuri kuliko mwenzake. Mwisho akasimama muuza samaki, na aproni yake, akauliza swali moja: "Jumapili tunacheza na nani?" Wakamwambia mama, hakuna wa kucheza naye, tumeshushwa mpaka chini. Akasema, "Hata huko chini kuna watu." Wakamfanya mwenyekiti palepale. Aliiongoza Klabu hadi ikapanda tena, na wakati wote huo aliendelea kuuza samaki, na mwamuzi aliyewaonea hakupata samaki.

Kocha aliisimulia hii kwa furaha ya mtu anayetaja mafanikio ya mama yake mzazi. Halafu alitutazama sisi tuliofungwa, tumekaa chini, jasho linatutoka, na kuuliza, "Jumamosi tunacheza na nani?"

*

Si kwamba alikuwa malaika. Alihubiri utulivu, na yeye mwenyewe hakuwa nao. Neno lake la Kihispania alilolipenda kuliko yote lilikuwa "tranquilas," yaani tulieni, na alilitamka kwa sauti ya kuvunja vioo. Mara moja refa alimtoa nje ya uwanja kwa kelele. Akatii, akaenda kusimama nyuma ya waya, na mechi nzima akatuongoza kwa kukohoa. Kikohozi kimoja, rudini nyuma. Viwili, bana katikati. Kocha wa wapinzani, mama mmoja wa Bez Valley tuliyemwita MaSibiya, alikwenda kwa refa kushtaki kwamba yule mgonjwa nyuma ya waya si mgonjwa. Kwa miezi mingi baada ya hapo, Kocha na MaSibiya hawakusalimiana isipokuwa kwa kukoholeana.

Alikuwa shemasi kanisani kwao, na kabla ya kila mechi alituombea. Alianza vizuri, akimwomba Mungu awalinde wachezaji wa timu zote mbili na majeraha. Kisha sauti ilishuka: "Na yule namba nane yao, Bwana, umupatie usingizi kidogo." Mimi nilisimama pembeni nikisoma dua yangu, na nakiri kwamba kwa namba nane nilisema amina.

Aliogopa mbwa. Mwanaume yule, ambaye akinyoosha mkono anagusa ringi bila kuruka, alikuwa akibadili barabara kwa ajili ya kijibwa cha mfukoni. Hakuweza kutazama mechi kwenye televisheni. Mpira ukianza, yeye alikwenda jikoni kuosha vyombo. Na alichelewa, daima, huku akitufokea tunaochelewa. "Mi nilikuwa nafikiri juu yenu njiani," alijitetea, "kwa hiyo nilishaanza kazi. Ninyi mulikuwa munafikiri nini?"

Jambo moja lilitukosesha raha. Hakuna aliyewahi kumwona akirusha mpira kwenye ringi. Alitupa pasi nzuri, alituonyesha namna ya kusimama, ya kukunja kiwiko, lakini kurusha mwenyewe, hapana. Alisema ni magoti. Mama Bijou alisema huo ni uongo.

Nilikuwa saluni kwake nasukwa aliposema hivyo mara ya kwanza, mbele ya wateja wote. "Mnamsikiliza tu. Mtu alicheza Ulaya, halafu hapigi hata mpira mmoja? Nawaambia, yule kule alikuwa anafua jezi."

Lile neno lilitembea. Wiki mbili hazikuisha, timu nzima ilikuwa inamtazama kwa jicho lingine. Kocha akisema "kule kwa Klabu", kuna mtu anakohoa kicheko. Wawili waliacha kuja. Binafsi niliona aibu, maana nilishona jezi ile kwa mikono yangu na nilikuwa naiamini, lakini nikajiuliza: jezi si hata mfuaji anaweza kuwa nayo?

Jumamosi moja baada ya mazoezi, tumekaa tunakunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, aliyokuja nayo mume wangu kwenye chupa, Mama Bijou aliuliza waziwazi. "Kocha, usinikasirikie. Kule Hispania ulikuwa unacheza, ama ulikuwa unafua?"

Mume wangu aliacha kumimina.

Kocha alikunywa chai yake. "Nilikuwa nakaa," alisema.

"Unakaa wapi?"

"Kwa benchi. Misimu yote. Mi nilikuwa mutu wa mwisho kwa benchi, kule kwenye taulo. Kwa hiyo taulo nazijua, ndiyo. Kidogo unasema kweli."

Hakuwa na haya hata chembe. Alituambia kwamba kutoka mwisho wa benchi ndipo mtu anapoiona Klabu vizuri zaidi: anamwona kocha mgongoni, anawasikia wazee wa jukwaani wakibishana mambo ya askofu na muuza samaki, anajua nani analia akibadilishwa. Historia yote aliyotupa aliipata pale. Alicheza dakika chache tu, kidogo hapa na kidogo pale, mechi ikiwa imeshaamuliwa. Isipokuwa siku moja.

Ilikuwa mechi ya kurudi ligi ya juu. Klabu inaongoza kwa pointi moja na muda umebaki kiduchu. Wachezaji wake wawili warefu wameshatolewa kwa faulo nyingi. Kocha mkuu anageuka kutazama benchi, anatazama, anatazama, macho yanafika kwenye taulo. "Wewe."

"Mi nikavua tracksuit. Kuingia tu, tunapoteza mpira. Na yule mufupi wao, mwenye mbio, huyu hapa anakimbia peke yake kwenda kufunga. Hakuna mutu mbele. Niko mi tu, nyuma. Nikamukimbilia, Fundi, mi sijakimbia vile tena. Nikamukumbatia."

"Ukamkumbatia?"

"Kama ndugu aliyetoka safari. Faulo! Akapewa mitupo miwili. Wa kwanza akakosa. Wa pili akakosa. Mpira ukaangukia kwa wenzangu, filimbi ikalia, Klabu ikapanda."

Aliweka kikombe chini. "Gazeti liliandika majina ya waliofunga. Yangu haikuwamo, mi sikufunga kitu. Lakini katika historia ya Klabu, mi niko ile faulo."

Mama Bijou alifikiri. "Ulimwomba radhi yule mfupi?"

"Alikuja mwenyewe kunitafuta kule kwa kubadilisha nguo. Mi nikajua napigwa. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa hewa. Akasema, sasa tuko sawa."

Mama Bijou ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikikuanza hakikuachi. Tulicheka wote hadi walinzi wa magari barabarani wakaja kuuliza kuna nini. Wale wawili walioacha walirudi wiki iliyofuata. Wakatuambia hawakuweza kukaa na kocha mwongo, lakini na kocha aliyekaa benchi wanaweza, maana hata wao ni wa benchi.

*

Kisha ikaja ile miezi ambayo sisi wageni wa mji huu tunaijua bila kuitaja. Maandamano, madirisha yaliyofungwa, simu zinazoleta ujumbe kwamba leo usipite barabara fulani. Nilifunga duka, nikashonea nyumbani. Mama Bijou alishusha shata la saluni akawasuka wateja jikoni kwake. Mazoezi tuliendelea nayo, tukiwa wachache, hadi Jumamosi tuliyofika uwanjani tukakuta ringi zote mbili zimeng'olewa, na kwenye saruji, kwa rangi nyeupe, maneno ya kututaka turudi makwetu.

Mama mlinzi alianza kulia polepole. Mama Bijou alisema, "Basi. Imekwisha," na nilijua hasemi kwa hasira, anasema anachokiona.

Kocha aliyazunguka yale maneno bila kuyakanyaga. Alitazama juu pale ilipokuwa ringi. Nilimwona kwa mara ya kwanza hana kitu cha kusema, na jambo hilo lilinitisha kuliko rangi iliyokuwa chini.

"Kule kwa Klabu," alisema hatimaye, na hakuna aliyekohoa, "paa la ukumbi lilianguka. Theluji. Usiku mumoja tu. Msimu mzima Klabu haikuwa na nyumba. Munajua nani aliwapatia ukumbi? Mji wa jirani. Ule uliokuwa unawatukana kila mwaka. Klabu ilicheza kule mechi zote za nyumbani, na wale watukanaji walikuja kupiga makofi, kwa sababu walisema, sisi tukikosa hawa, tutamutukana nani?"

"Kwa hiyo?" Mama Bijou aliuliza.

"Kwa hiyo mi naenda Bez Valley."

Nilikwenda naye, kwa sababu barabara ile ina mbwa kila geti na alihitaji mtu wa kutembea upande wa mageti. Nilikuwa naogopa watu, yeye anaogopa mbwa. Tukaenda hivyo, kila mmoja ni ngao ya mwenziwe. Kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, alisimama, akafuta uso, akasema, "Fundi, yule mama anaweza kutufukuza." Nikamwambia najua.

MaSibiya alikuwa kwenye ukumbi wao wa mazoezi na timu yake, wamevaa kijani. Alimwona Kocha mlangoni, akaweka mikono kiunoni.

"Hawu! Umekuja kukohoa humu ndani?"

Kocha alianza na theluji. Alisimulia kwa Kiingereza chake, paa, mji wa jirani, makofi. MaSibiya alimwacha afike katikati.

"Hadithi yako ina theluji nyingi. Unataka nini?"

"Nyumba," Kocha alisema. "Mi nakuomba nyumba ya kuchezea."

Nikamweleza mimi yaliyobaki: ringi, yale maneno, mama mlinzi alivyolia. Alisikiliza huku taya lake likikaza. Aliniuliza ni wapi hasa tunaogopa. Nikamwambia pote, tangu mlangoni.

"Eish," alisema, taratibu, kama mtu aliyechomwa na sindano. Akawageukia wenzake akasema nao kwa Kizulu, maneno mengi, mengine makali. Kisha akaturudia. "Jumamosi msitoke. Ngojeni milangoni kwenu. Mtu atakuja."

Jumamosi ile mume wangu alikuwa ameshanikataza kutoka. Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nisingemruhusu yeye. Mlango ukagongwa, akafungua kwa uangalifu, na huyo MaSibiya, na nguo zake za kijani, na filimbi shingoni, na mwenzake nyuma. "Nimemfuata namba kumi na moja," alisema, akitaja namba ya jezi yangu. Mume wangu alimtazama, akanitazama. Alikwenda chumbani akaniletea viatu.

Walitufuata nyumba kwa nyumba, wawili wawili. Tulipokutana Bertrams kuelekea ukumbini kwao tulikuwa umati, jezi zetu za zambarau na zao za kijani, na wale wa kijani wakaanza wimbo, na sisi tusiojua maneno tukaitikia kwa kupiga makofi. Watu walitoka kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, kututazama. Kocha alikuwa nyuma kabisa, kichwa chake juu ya vichwa vyetu vyote, akipiga makofi nje ya mapigo. Sikuwahi kumwona mtu akilia na kutabasamu kwa wakati mmoja bila kuona haya.

Tulicheza kwao msimu wote. Mwishoni, kwa kawaida ya ligi yetu ndogo, tukakutana wao na sisi. Ukumbi ulijaa. Mume wangu alikuja na chupa mbili za chai. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde zinaisha, na mpira ukamfikia Mama Bijou pembeni, kwenye mkono wake wa kushoto, ule anaorushia. Alirusha. Mpira uligonga chuma, ukazunguka ringi, ukazunguka tena, ukasimama kama unaotafakari, ukatoka nje.

Kocha alianza kucheza rumba. Palepale, katikati ya ukumbi, na magoti yake yale.

"Wewe umefungwa!" MaSibiya alimpigia kelele.

"Ndiyo! Lakini tumefungwa ndani!" alijibu. "Chini ya paa!" Na akamshika mkono, na MaSibiya, baada ya kukataa kwa "haibo" mara kadhaa, akacheza.

Shemeji yake MaSibiya, mchomeleaji, alitutengenezea ringi mpya. Yale maneno tuliyapaka rangi siku moja, timu zote mbili, nusu zambarau nusu kijani, na hadi leo uwanja uko hivyo.

*

Sasa Kocha haishi tena upande wetu. Alifanyiwa upasuaji wa magoti, na binti yake, mhasibu, akamchukua kukaa naye Midrand, kwenye moja ya zile nyumba zenye ukuta mmoja mrefu na geti linaloongea. Timu inafundishwa na Mama Bijou, anayetufokea kuliko Kocha na kuwahi kuliko sisi sote.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilipika vileja, nikavitia kwenye bakuli la plastiki. Binti yake alinipokea getini. "Shikamoo, Mama. Baba hayupo nyumbani, yuko ukumbini na wagonjwa wake."

"Wagonjwa?"

"Utaona mwenyewe."

Nilielekezwa kwenye ukumbi wa wakazi, karibu na bwawa la kuogelea. Mlango ulikuwa wazi. Ndani walikaa wazee kwenye viti, wamejipanga mduara: bibi wa Kikaburu mwenye fimbo, mzee mmoja wa Kihindi, mabibi wawili wa Kizulu, na wengine. Wote walikuwa na goti, nyonga au bega lililopasuliwa karibuni. Walirushiana mpira wa kikapu kutoka kiti hadi kiti, polepole, kwa umakini mkubwa, na Kocha alikuwa katikati yao kwenye kiti chake, mguu mmoja umenyooshwa, akisimulia.

Sikutaka kumkatiza. Nilisimama mlangoni na bakuli langu.

"Klabu hiyo," alikuwa anasema kwa Kiingereza, "ilikuwa haina nyumba. Hata ringi hazikuwapo."

Nikatabasamu. Nilidhani anakaribia theluji.

"Zilikuwa zimeng'olewa," aliendelea. "Na chini kulikuwa na maneno mabaya. Lakini katika Klabu hiyo kulikuwa na mwanamke mmoja msusi, mwenye mkono wa kushoto wa ajabu. Huyu alikuwa anasema kocha wake ni mfua nguo. Na alikuwapo fundi mmoja wa Tanga, aliyepita barabara yenye mbwa wengi, kifua mbele…"

Niliegemea mlango. Aliendelea. Aliwaambia habari za mlango kwa mlango, za nguo za kijani, za wimbo. Hakuongeza chumvi popote. Alisimulia kwa heshima ileile aliyompa askofu na muuza samaki. Wazee waliacha kurusha mpira. Ulikuwa umetulia kwenye mapaja ya yule bibi wa Kikaburu, naye ameukumbatia.

"Na mechi ya mwisho?" bibi aliuliza. "Mlishinda?"

Kocha aliinua macho akaniona. Hakushtuka. Alinyoosha mkono wake mrefu kunielekea.

"Huyo hapo alikuwapo. Mwulizeni."

Wote wakageuka. Nikasema, "Tulifungwa. Kwa pointi moja."

"Ag, shame," bibi alisema, na uso wake ulisikitika kweli, kana kwamba imetokea asubuhi hiyo.

"Usimuonee huruma bado," Kocha alimwambia. Kisha kwangu, kwa Kiswahili, "Fundi, baambie ule mpira ulivyozunguka. Mi nakosea kila mara."

Niliweka vileja mezani, nikamwomba bibi mpira, nikasogea pembeni ya ukumbi, karibu na dirisha.

"Mama Bijou," nikaanza, "alikuwa amesimama hapa."